Kichupa cha Foliki Mkononi mwa Mama Mkwe

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Shoga, mimi leo mkuu mwenyewe kanimwagia dawa chooni!

Nimejifungia chumbani. Nimerudi kazini namkuta mama mkwe sebuleni, kainua kichupa changu cha vidonge vya foliki, kitupu, kama kielelezo mahakamani. Mume wangu yuko kwenye kochi, kainamia simu.

"Ndiyo maana mwaka mzima tumbo halionekani," mama mkwe ananiambia. "Kumbe unameza vidonge vya kuzuia mimba!"

Vya kuzuia! Mimi! Na siku zangu zimechelewa, leo ya tisa, sijamwambia mtu ila wewe.

Nikamjibu kwa adabu, wallahi: "Mama, hivi humezwa kabla hata ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hujengeka wiki za mwanzo kabisa, wengine hawajajua kama wamebeba. Nesi ndiye aliyenipa."

"Nesi wako mtoto wa juzi. Mimi nimezaa saba bila kidonge."

Saba, shoga. Saba!

Maneno yakanitoka: "Na yule wa tano, mama? Aliyezaliwa na mgongo wazi, mkamzika siku ya tatu, mkasema jirani kamroga?"

Akakaa chini.

Sasa mume wangu anagonga mlango: "Toka umwombe mama radhi, umemtonesha kidonda."

Najua nimemtonesha. Kesho asubuhi naenda kliniki kuchukua kichupa kingine.

Radhi siombi.