Jina Juu ya Mstari

Jumatatu, 27 Oktoba
Picha arobaini leo. Kwenye kompyuta nachora kisanduku katika picha ya ukurasa, naandika jina lililomo, naliunganisha na safu yake. Kushoto walio hai, kulia marehemu. Ni kitabu cha maombi cha kanisa la kijijini kwetu, cha miaka mia mbili, na bado kinaandikwa majina na kusomwa. Majina saba yamekaa hovyo, juu ya mstari wa kati — nimeyasukumia kulia. Wa zamani hao, watakuwa wamekufa tu. Bi Tsvetana, mkubwa wetu, anataka kazi iishe Ijumaa. Jumamosi ni siku ya kuwaombea wafu, na padre mpya atasoma orodha yetu.

Jumanne, 28 Oktoba
Rosen wa meza ya pili ananiuliza nachora visanduku au najenga vibanda. Supu ya maharage. Macho yanawasha.

Jumatano, 29 Oktoba
Ukurasa wa mwisho. Mwandiko wa mama! Kalamu ya bluu: Zapryan. Kaka yangu. Alikwenda Hispania kuchuma zeituni. Simu yake ya mwisho ni miaka kumi na sita sasa. Mama hajawahi kuniambia kwamba alimwandika. Si kushoto, si kulia — juu ya mstari wenyewe. Kompyuta imekataa kuhifadhi: chagua safu. Nimekwenda kunawa uso. Nimemkumbuka, na ule mluzi wake akipanda ngazi.

Alhamisi, 30 Oktoba
Nimempigia mama. Anachambua ngano ya kuchemsha, ya kuwakumbuka wafu Jumamosi. Nimemuuliza kwa nini pale. Akasema: “Sasa ningemweka wapi, mwanangu? Pale ndipo wanapoandikwa walioondoka bila habari. Marehemu padre alikuwa akiwasoma mwisho, peke yao. Huyu mpya sijui kama anajua.” Akaniuliza mimi nimemweka wapi. Nikasema bado. Yale saba sikumwambia.

Ijumaa, 31 Oktoba
Rosen: “Bonyeza walio hai, dada, yaishe. Nani atakuuliza?” Bi Tsvetana ameitazama picha, akasema safu ni mbili, ndivyo mpango ulivyo, na miaka kumi na sita si michache. Hakumalizia. Faili anaitaka saa kumi na moja.

Kesho mama atasimama kanisani na sahani yake ya ngano, akisikiliza. Nikibonyeza kulia atamsikia mwanawe kati ya wafu, na mkono utakuwa wangu.

Saa kumi na nusu. Nimerudi kwenye picha za Jumatatu, nimewatoa wale saba kwenye safu ya marehemu. Nimechora safu ya tatu, nyembamba, kufuata mstari. Wanane, Zapryan wa mwisho. Sasa kompyuta inataka jina la safu. Nimeandika: Wanaongojwa. Nimefuta. Bi Tsvetana yuko nyuma yangu, koti mkononi, anasoma skrini. Nimeandika tena: Wanaongojwa.