Namba Yako Kwenye Ukuta wa Shule

Afande Olum,

Raia anaripoti. Usicheke kwanza. Najua ulikuwa ukiwaambia watu kwamba hata barua ya kuomba kazi nilimlipa mtu aniandikie, na ni kweli, lakini ile ilikuwa ya Kiingereza. Kiswahili nakiweza. Darasa la nne nililoishia kule Bungoma lilikuwa la nne la zamani, lenye uzito wake. Siku hizi mtoto anamaliza la saba na hawezi kuandika jina la babake kwenye tofali.

Ona, nimeshafika kwenye tofali na hata salamu sijatoa.

Hali sikuulizi. Hali yako naijua, ndiyo inayonikalisha hapa na penseli ya kupigia mistari ya mbao. Ya huku Bwaise ni yale yale. Mvua imejaa tena mpaka ndani ya duka la Haji, na ingemharibia chumvi yote kama angekuwa na chumvi. Sukari tunaiona ndotoni. Sabuni nimesahau inavyonuka, na wewe ungesema sikuwahi kujua.

Nataka kukuambia habari za shule yetu, halafu kuna neno lingine. Nianze na shule kwa sababu ni rahisi zaidi, ingawa nayo si rahisi.

Unakumbuka siku chifu wa gombolola, tarafa yetu hii, alipotuita akasema serikali ina kazi kubwa za jeshi, pesa ya madarasa hakuna tena, wazazi wajijengee? Watu walitazama chini. Wewe ulisimama na lile koti lako la polisi lililotolewa vifungo vya shaba, ukasema, "Hela hakuna. Udongo upo." Basi. Kila mtoto aliyeko shuleni, kwao watoe matofali ishirini. Asiye na nguvu za kufyatua achote maji, asiyeweza maji alete kuni za tanuri. Waganda wakasema hiyo ni bulungi bwansi tu, kazi ya wote kwa faida ya wote, babu zao walikuwa wakiifanya. Ukanigeukia mimi: "Raia, si unajisifu umejenga Afrika nzima? Tufundishe."

Nami nilikuwa nimejenga, bwana. Mombasa nimejenga, Kisumu nimejenga, Juba nilimjengea Mgiriki mmoja bafu ambalo ungeweza kuogeshea ng'ombe. Nikawafundisha.

Jumamosi mbili za kwanza walikuja watu wachache mno. Ndipo nikaleta ule ujanja wangu. Kila mtu akishafyatua, kabla tofali halijakauka, achukue msumari aandike jina lake. Mtu akiona jina lake ataleta na la shemeji. Wewe ulikataa. Ulisema, "Askari hupewa namba ili jina lake libaki nyumbani." Nilikucheka mbele ya kamati nzima ya wazazi. Nikasema Afande anaogopa msumari.

Na nilikuwa sahihi, hilo hata leo huwezi kunikatalia. Jumamosi ya tatu bonde la kufyatulia lilijaa. Baba Nakato alikuja na mashemeji wanne. Hata Mama Zaituni, yule Mnubi muuza mandazi ambaye hana mtoto shuleni, alifyatua ishirini yake akaniomba niandike jina la mwanawe aliyekufa na surua. Wasiojua kuandika wote niliwaandikia mimi. Nilikuwa mtu mkubwa siku hiyo. Wewe peke yako hukuandika jina. Ulichora namba yako ya zamani ya polisi, tarakimu nne, zimenyooka kama ziko gwaride. Nikalijenga tofali lako kando ya mlango, usawa wa macho.

Halafu zikaanza habari kwamba wanaokutana bila kibali wanaulizwa. Ulichukua daftari la kamati, lenye majina ya wazazi wote, ukalichoma kwenye sigiri ya mkeo, Mama Apio. Ukaniambia, "Sasa hatuna orodha. Wakiuliza, sisi ni wazee tunacheza matope." Tulicheka mpaka akatufukuza jikoni.

Tulikuwa na akili gani, Afande? Orodha ilikuwa imesimama pale nje mpaka juu ya madirisha. Nilikuwa nimeijenga kwa mikono yangu na kuipima kwa pima maji.

Sasa lile neno lingine.

Ilikuwa Jumanne kabla ya saa sita. Nilikuwa peke yangu juu ya jukwaa la ujenzi. Akaja mtu mmoja, viatu safi, akiruka matope kama paka. Alinisalimia vizuri. "Fundi, kazi nzuri." Unajua mimi na sifa. Akauliza chumba kitakula mabati mangapi. Moyo ukaniruka. Nikajua huyu katoka ofisini, maombi yetu ya mabati yamefika, paa limepatikana. Nikashuka, nikamhesabia mabati na misumari yake. Akasema mkubwa wake angependa kuwajua watu wenye moyo wa namna hii.

Nilimshika mkono, Afande. Hakunilazimisha. Nilimzungusha ukuta wote nikimsomea. Huyu ni Baba Nakato, huyu ni yule fundi baiskeli, huyu anafanya kazi reli. Nilikuwa nasoma polepole na yeye anaandika polepole, tunakwenda sawa. Tulipofika mlangoni akagusa tofali lako kwa kidole. "Na hii namba?"

Nimeongopea maofisa wa forodha kuanzia Malaba mpaka Nimule. Nilishavusha kitenge nikisema ni bandeji. Ningeweza kusema ni namba ya chumba. Ningeweza kusema sijui. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, nilimwambia mtu wa serikali ukweli mtupu. Nikasema hii ni ya mwenyekiti wetu mwenyewe, Afande Olum, mtu wa kabila la Lango, polisi wa serikali iliyopita, nyumba ya tatu nyuma ya kanisa, na bila yeye hapa pasingekuwa na kitu. Nilisema kwa fahari. Nilitaka upewe sifa.

Walikuja jioni ile ile, sahani ya ugali wa posho iko mbele yako. Mama Apio anasema uliomba unawe mikono. Ukanawa, ukaifuta, ukatoka nao.

Alikwenda na sweta yako mpaka lango la kambi ya jeshi, wiki tatu, kila siku. Mwisho askari mmoja akamwambia kwa Kilango, lugha yenu, taratibu, "Mama, hiyo sweta mpe mtu aliye hai." Ndivyo tulivyojua. Mwili hatukupewa. Ndiyo maana nakuandikia, maana kaburi la kwenda kusimama na kulia sina.

Baba Nakato walimchukua pia. Alirudi na sikio moja halisikii. Kabla hata hajarudi watu walishauvamia ukuta. Walikuja na majembe na visu, kila mmoja anakwangua jina lake. Wengine walitoboa wakang'oa tofali zima wakaenda nalo limefunikwa kanga, kama wameiba kuku. Walikuwa watu wale wale waliogombania msumari. Siwalaumu. Kilichobaki nimekipiga udongo na samadi, maana saruji ni hadithi. Ukuta sasa unanifika gotini. Mwalimu wa darasa la tatu amevuka mpaka pale Busia. Watoto wanakaa nje, wakinyeshewa wanarudi nyumbani, na hawarudi wote.

Na chifu kaleta mchango mpya, wa jukwaa la kukalia wageni siku ya sherehe. Watu wote wamelipa kwa siku moja. Hakuna aliyetaka jina lake liandikwe popote.

Lakini hilo si neno lenyewe. Nimezunguka kama kawaida yangu.

Mama Apio anaamini mtu alikuuza. Na mtu huyo, anasema, ni Mama Zaituni. Kwa nini? Kwa sababu ni Mnubi na wakubwa wengine ni Wanubi, basi, hana sababu nyingine. Hamsalimii tena. Naye alipoacha kumsalimu, mtaa mzima ukaacha. Mandazi ya yule mama yanalala. Juzi nilimkuta anayamwaga kwa kuku wa Haji. Akaniambia, "Fundi, mimi nimewakosea nini? Jina la mwanangu nalo lilikuwa pale." Nilinunua manne, nikala yote nimesimama, nikamwambia watu wataelewa. Kinywa changu hiki, Afande, kinachojua kusema kila kitu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bondeni. Huwa naenda tu, hakuna mwingine anayekuja. Nikamwona Mama Apio anashuka na beseni na kibao cha kufyatulia. Akasema Apio bado ni mwanafunzi na mchango ni mchango. Alifyatua ishirini peke yake, nami namchotea maji. Alipomaliza alifungua pindo la kanga akatoa msumari akanipa. Akasema, "Mwandikie baba yao. Safari hii andika jina. Alikuwa na jina."

Nikamwambia majina hayaandikwi siku hizi.

"Basi mwandikie namba yake."

Nilichuchumaa. Nilishika msumari. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia udongo ni mbichi mno, hauwezi kushika maandishi. Mimi, fundi wa Juba na Mombasa. Udongo ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuushika. Yeye akaamini, kwa sababu wewe ulimfundisha kwamba katika mambo ya tofali raia hasemi uongo. Akanishukuru kwa maji, akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Matofali yalikauka hayana kitu. Mvua ya Jumatatu imeyarudisha kuwa matope, kwa hiyo hata hayo hatuna.

Usiku... hapana, sitakuambia ninavyolala. Ungesema raia analia kama kuruta.

Tofali lako ninalo. Kabla watu hawajaufikia mlango nililing'oa kwa tindo, taratibu, halikuvunjika hata pembe. Karatasi hii nimeiweka juu yake ninapoandika, ndiyo maana mistari mingine imepinda, penseli inaangukia kwenye tarakimu zako.

Kuhusu shule siahidi kitu. Nimejisifu vya kutosha kwa ajili ya ukuta ule. Wakirudi watu nitawafundisha tena bure, lakini sioni watakaorudi, na wewe hukupenda kudanganywa.

Ahadi yangu ni moja. Kesho Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitampitia Mama Zaituni, nitamwambia achukue beseni lake la mandazi anifuate. Tutakwenda hadi nyumba ya tatu. Nitaliweka tofali kwenye mapaja ya mkeo, nitamsomea namba yako tarakimu kwa tarakimu, kama nilivyomsomea yule mtu wa viatu safi, na nitasema ni mimi. Akinirushia tofali hilo, sitakwepa. Akinifukuza, nitarudi kwetu Bungoma. Mzigo wangu ni mwiko na pima maji tu, hauzidi mkono mmoja.

Kuhusu kumweleza sababu, na jinsi nilivyodhani, na mabati, sitasema kitu. Nitanyamaza, walau mara moja, ili uone kwamba raia naye hufundishika.

Pumzika, Afande, popote walipokulaza. Koti lako bado liko msumarini kwa Mama Apio. Nililiona.

Ni mimi,
Wafula, fundi