Shukrani Mliyoipeleka Mapema

Mpenzi Baba Mbula,

Barua yako ya kutoka mgodini Geita nimeipata. Unasema Jumamosi unakuja, baba mkwe anataka kupeleka mbuzi hospitali kuwashukuru, halafu mtoto arudi nyumbani. Nimeisoma mara mbili, nikaiweka chini, nikafua nguo zote za mtoto, hata zilizokuwa safi. Hasira haikutoka. Basi nakuandikia nikiwa nayo.

Unakumbuka tulivyompeleka mara ya kwanza? Ulimbeba mgongoni kwa kanga yangu, watu wa pantoni pale Busisi wakakucheka. Ukawaambia, "Chekeni tu, mradi mwanangu anapumua." Mwanetu alikuwa mwepesi kama furushi la pamba. Siku ile nilikupenda kuliko siku ya harusi. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Daktari alisema ni kifua kikuu, sindano kila asubuhi, miezi mingi. Yule nesi Mhaya akatufafanulia taratibu: "Atanenepa kabla hajapona. Msidanganyike." Ulikuwepo. Uliitikia.

Mwezi wa pili Mbula akaanza kucheza kweli. Akawa anamwimbia nesi nyimbo za kwetu na kumfichia sabuni. Hapo ndipo mkaja, wewe na baba mkwe, na kuku. Kwetu kila mtu anajua: mganga akipokea kuku wa shukrani, kazi imekwisha. Ukiigusa tena dawa yake, umemtukana. Nesi hakuwa na habari hiyo. Alisema tu, "Shikamoo mzee. Kuku sitaki. Namtaka mtoto kitandani kwake kesho asubuhi."

"Marahaba," akajibu baba mkwe, kisha akakugeukia kwa Kisukuma: "Huyu anataka ng'ombe." Mkacheka! Mkazunguka hadi jikoni, mpishi masikini akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema asante. Mkarudi wodini mnang'aa.

Ukaniambia, "Wamepokea. Funga mizigo, Mama Mbula. Nchi inapata uhuru, mwanangu asherehekee kitandani?"

Nami nikafunga. Hilo najilaumu mwenyewe. Ulimi nilikuwa nao, nikautumia kusema "ndiyo, baba".

Bendera ikapandishwa, ngoma zikachezwa, ukarudi kazini. Haukupita muda, jasho likarudi, kikohozi kikarudi, mtoto akakataa hata uji. Baba mkwe akasema ni mimi nimevunja mwiko fulani. Nikambeba peke yangu. Siku hiyo pantoni ilikuwa mbovu, tukavuka kwa mtumbwi, anakohoa begani kwangu, na kila akinyamaza namtikisa nisikie kama bado yupo. Wewe hukuiona safari ile. Mimi naiona kila nikifumba macho.

Nesi alipotuona hakunigombeza. Alimvua Mbula gauni lililolowa, akamfunika kwa sweta lake mwenyewe. Kisha akaenda nyuma ya pazia, nikamsikia analia. Afadhali angenizaba kofi.

Sindano zikaanza upya, tangu ya kwanza. Mpaka leo yule dada hajaniambia "niliwaonya". Akinikuta nimesinzia kwenye benchi ananiwekea kikombe cha chai kando ya mguu, anapita zake. Mimi nalala kwa shangazi Butimba, alfajiri niko mlangoni, na kila nikifika nakuta amekwisha kumwosha mtoto uso.

Kwa hiyo usiniambie mimi habari za kushukuru. Nani anayeijua shukrani hiyo kunizidi? Lakini yule mwanamke ameomba kitu kimoja tu, na nyie mnampa vingine vyote isipokuwa hicho.

Nimemwambia: Mbula asitolewe hapa na mtu yeyote kabla daktari hajasema, hata baba yake. Ndiyo, nimesema hivyo, na jina langu nimeliandika kwenye kadi yake ya hospitali kwa mkono wangu. Mwamkie baba mkwe, mwambie shikamoo yake iko palepale, heshima sijaipunguza. Akikasirika na akasirike. Hasira haiui mtu. Mimi ninayo wiki nzima na bado natembea.

Jumamosi njoo, Baba Mbula. Mbuzi abaki zizini. Fika asubuhi kabla ya sindano, maana ikichoma mtoto haniiti mimi, analia "baba, baba". Njoo umshike.

Mkeo,
Mama Mbula