Vijiko Viwili kwa Mtoto wa Miezi Minane

Mpendwa Shangazi Kavutha,

Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana hasira imenijaa. Naandika programu za kompyuta katika ofisi ndogo hapa Baba Dogo, na programu yetu ndiyo inayochapisha lebo za dawa katika zahanati kama ishirini, na kila baada ya miezi michache tunazipelekea disketi ya marekebisho, na mimi ndiye naandika orodha ya yatakayoingia. Mwezi jana muuguzi mmoja, Nabiswa, alitoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu akaniwekea chupa mezani. "Dada, mtoto ana miezi minane, nimeandika miezi minane, na mashine yenu inasema vijiko viwili mara tatu. Hiyo si dozi ya mtoto wa miaka minane?" Kwa bahati nzuri aliisoma lebo kabla ya kumpa mama dawa. Nikatafuta, nikakuta kosa ni letu, nikalirekebisha siku hiyo hiyo, mwenzangu Mulama akajaribu, ikakubali. Lakini mkubwa wetu, Bwana Phares, akaufuta mstari wa rekebisho hilo kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. "Ukigusa vipimo itabidi tujaribu kila kitu upya. Hakuna mwingine amelalamika. Ingoje programu mpya mwakani." Na Shangazi, nafasi hiyo akaijaza menyu za rangi na nembo mpya, eti wateja watapenda! Sasa yeye ndiye aliniandika kazi nikiwa sina mtu, tena ni mzee wa kanisa letu, basi nikanyamaza, nikachapa orodha alivyotaka, disketi itumwe Ijumaa, na Nabiswa alipopiga simu nikamwambia, "Imeingia, usijali." Nifanye nini?

Mwelu, Lucky Summer

*

Mwelu,

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Phares amenikasirisha, na wewe umenikasirisha zaidi. Yeye alifuta mstari. Wewe ulimtuliza muuguzi kwa uongo, na huenda tangu siku hiyo haangalii tena lebo kwa makini.

Eti hakuna mwingine amelalamika! Mama aliyepewa chupa atajuaje kwamba kosa liko kwa kompyuta? Disketi ya marekebisho ni ya kutengeneza kilichoharibika. Urembo ndio ungoje mwakani. Kuhusu kujaribu upya, hapo amesema kweli: basi jaribuni. Toeni rangi na nembo, na muda huo mpime dozi za kila umri.

Leo mpigie Nabiswa, umwambie, "Nilikudanganya." Kisha pigia zahanati zote, wasiamini lebo ya mtoto yeyote wa chini ya mwaka mmoja, waandike kwa mkono mpaka wapate disketi nzuri. Simu hizo usiziombee ruhusa. Halafu ingia kwa Phares pamoja na Mulama, na orodha mpya. Akikataa, jina lako lisiwe kwenye ile ya zamani.

Ukifukuzwa, niandikie, nitakusaidia kutafuta kazi. Lakini ukinyamaza tena na mtoto akadhurika, usiniandikie mimi. Nenda ukamweleze mama yake.

Shangazi Kavutha