Nilimwita Mkosi

Nyaramba, Jumapili

Dada yangu Kemunto,

Bwana ametulinda, chai imechipua na ng'ombe amezaa. Lakini nakuandikia kwa aibu. Ijumaa, tukijiandaa kwa Sabato, binti yangu Lorna alimwaga maziwa. Nikainua mwiko, nikamwita mkosi, jina lile mama alilotuita tukiwa wadogo. Mtoto akajikunja, akafunika kichwa kwa mikono, kama ulivyokuwa ukifanya wewe utotoni.

Nilipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mwanangu. Wewe si mkosi. Hata mimi niliitwa hivyo nikiwa mdogo."

"Mama, hata wewe ulikuwa ukipigwa?"

Sikumtaja nyanya yake. Niliitikia kwa kichwa tu. Tukafumba macho tuombe, naye akatangulia: "Yesu, mponye mama mahali alipopigwa."

Sikuweza kusema amina. Niombee, dada. Miaka yote hii nilidhani nimepona.

Mdogo wako,
Bosibori