Inchi Tano

3 Januari

Shikamoo Baba,

Vidole vinaendeleaje? Mimi mzima, nafua mashuka ya hoteli kama kawaida, mgongo tu ndio unalalamika. Nimesoma kwenye simu habari za lektini, kitu kilichomo kwenye maharage, nyanya, viazi, ngano na karanga. Wanasema ndicho kinachovimbisha viungo. Viache vyote, Baba. Sitaki kusikia umeuza cherehani.

Mwanao

28 Januari

Marahaba mwanangu,

Sijambo, ila njaa. Umeniachia nini, maji? Sasa ni majani, mayai na samaki, basi. Faida: asubuhi nashika mkasi bila kuguna. Hasara: nakula peke yangu, maana jirani yangu fundi viatu amechoka kuhojiwa kuhusu sufuria yake. Nesi wa zahanati anasema maharage yakilowekwa na kuchemshwa sawasawa, hiyo lektini karibu yote inakwisha. Anataka pia nipite nipimwe. Nimsikilize?

Baba yako

9 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Nesi huyo alisoma zamani. Mkasi si unaushika? Basi vumilia. Na kiuno je, kimepungua? Huku watu wanalipia kupungua.

Mwanao

20 Machi

Marahaba mama,

Nimejipima kwa futi yangu ya kazini. Januari kiuno kilikuwa inchi thelathini na nne, leo ishirini na tisa. Suruali nimeibana mara mbili. Wateja wananiita kijana, nami navimba kichwa. Nikila tumbo linauma kidogo. Zahanati sikwenda, ulivyosema.

Baba yako

26 Machi

Shikamoo Baba,

Inchi tano! Nimewasomea wenzangu barua yako, wakapiga makofi. Hayo maumivu ni mwili unajisafisha, nimeyasoma hayo pia. Usirudi nyuma sasa.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe kwa kimya. Nilianguka nikikata kitambaa, fundi viatu akanikimbiza hospitali. Ni uvimbe tumboni, wa siku nyingi. Daktari anasema ulikuwepo kabla ya barua yako ya kwanza, kwa hiyo usijitese. Ila tungeushtukia nilipoanza kukonda, nasi tulikuwa tunashangilia.

Nikamuuliza, sasa niache nini? Akasema, "Mzee, kula chochote unachopenda." Nikasema, hata nyanya? Akasema hata nyanya, akafunga faili. Miaka arobaini napima watu, najua maana ya fundi kukunja futi yake.

Jana nikapika maharage, nyanya tele. Vijiko viwili vikanishinda, mengine nikampa fundi viatu. Alikula akinipa mgongo.

Naogopa, mwanangu. Omba ruhusa kazini. Nitaloweka mengine. Ukija, njoo na njaa, nataka nikutazame ukila.

Baba yako