Baridi Aliyopangiwa Zuhura

Jumatano, 3 Juni

Nimesahihisha mitihani ya darasa la nne tangu asubuhi. Rundo la Kiswahili bado. Chai imepoa mezani. Mara simu, na nyingine, na nyingine. Uchaguzi wa kidato cha tano umetoka. Zuhura kapangiwa shule ya vipaji ya wasichana, milimani huko, juu ya Mombo. Fizikia, Kemia, Biolojia. Ndiyo aliyoiomba.

Walimu wenzangu wamenikumbatia. Mwalimu mkuu kapiga vigelegele humo humo ofisini. Nimecheka nao.

Mwezi wa saba kule watu wanavaa makoti mchana. Mwanangu ana seli mundu, ugonjwa wa damu. Baridi ikimwingia, mifupa inamwaka moto. Tumemlea hapa Tanga, Nguvumali, kwenye joto letu, na bado hakuna mwaka tusiolazwa naye.

Jioni Zuhura karuka uani kama mtoto. Miaka mingi sijamwona akiruka. Nikarudi kwenye rundo la Kiswahili.

Ijumaa, 5 Juni

Sherehe shuleni kwake, Mabawa. Bango getini lina uso wake: wa kwanza jijini, matokeo ya kidato cha nne. Redio ya hapa imekuja kurekodi kipindi chao cha habari za shule. Timu ya wasichana ya mpira imechukua kombe. Shule ya jirani imepata maabara. Halafu Zuhura. Wakamuuliza anataka kuwa nani.

"Daktari wa damu."

Makofi. Watu hawajui kwa nini wa damu. Hajawahi kumwambia mtu hapo shuleni, ila mwalimu wake wa darasa.

Nikaitwa niseme neno la mzazi. Nikasema ahsanteni, nikakaa. Baba yake, Bakari, kaniangalia sana. Yeye bango kalipiga picha, kawaonyesha wenzake wote kazini bandarini.

Jumanne, 9 Juni

Kliniki. Nimemwomba daktari aandike kwamba hafai kwenda kwenye baridi. Kakataa, kwa adabu. Wapo wagonjwa wake wanaoishi huko huko milimani. Avae vizuri, anywe maji mengi, asiruke dawa hata siku moja. "Siwezi kukuahidi, Mama. Wala siwezi kumkataza."

Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aseme hapana, nisiseme mimi. Hivyo tu.

Jumatano, 17 Juni

Ofisi ya elimu. Sikumwambia Zuhura wala Bakari. Nimeomba ahamishiwe shule yoyote ya hapa Tanga. Afisa kashangaa. "Mwalimu mwenzangu, watu wanaililia nafasi hii, wewe unairudisha?" Kasema Zuhura akaripoti kwanza, ndipo aombe uhamisho, na nafasi ipatikane. Kanisindikiza mpaka mlangoni. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 18 Juni

Zuhura kajua. Afisa kampigia mkuu wa shule yake, mkuu kamuuliza yeye.

Nilikuwa nakuna nazi. Kaja kasimama mbele yangu.

"Mama, umekwenda kuniombea nini?"

"Uhamisho. Uwe karibu nasi."

"Kwa hiyo mimi wa kufungiwa ndani."

"Zuhura, kule baridi."

"Idi alikuwa hapa hapa, Mama. Joto tele. Na alikufa."

Idi ni kaka yake. Mwanangu wa kwanza. Ugonjwa huo huo, alikuwa na miaka sita, mgongoni kwangu, tukiwa njiani kwenda hospitali. Zuhura hakumjua. Hatulitaji jina lake humu ndani.

Hakupiga kelele. Hakulia. Kaingia chumbani kwake. Nimekaa juu ya mbuzi ya nazi mpaka Bakari aliporudi kazini. Nimemweleza yote.

"Mwache aende, Mama Zuhura. Na mimi naogopa, wallahi. Mwache tu."

Jumapili, 5 Julai

Tumempeleka. Masweta ya mtumba, soksi za sufu, blanketi mbili. Kuanzia Mombo barabara inapanda kwa kujikunja, masikio yanaziba. Tumeshuka, na pumzi yetu inaonekana. Mchana kweupe.

Matroni, Mama Neema, Mshambaa wa hapo hapo, mama wa Kilutheri, katupokea kwa uji wa moto. Nimempa dawa na maelekezo. Nimeyarudia. Nimeyarudia tena. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kitanda alichopewa Zuhura kilikuwa dirishani, kamhamisha mwenyewe upande wa ukuta.

"Nenda, Mama. Basi litawaacheni," kasema Zuhura.

Hapo ndipo kanikumbatia. Tangu siku ile ya nazi hakuwa amenigusa.

Alhamisi, 9 Julai

Shule tumefungua. Nimefundisha hesabu za sehemu, nimekosea ubaoni, watoto wamenisahihisha. Hakuna simu.

Jumamosi, 18 Julai

Zuhura kazungumza kwa simu ya matroni. Jaribio la Kemia kaongoza darasa. "Ukungu unaingia mpaka darasani, Mama! Ukiongea unatoka moshi!" Kwa furaha hiyo. Nimemuuliza soksi. Kasema ndiyo, Mama. Dawa? Ndiyo, Mama. Blanketi zote mbili? Kacheka.

Baada ya simu nimelia jikoni, sijui kwa nini.

Jumanne, 21 Julai

Mama Neema kapiga asubuhi, nikiwa darasani. Zuhura kashikwa na maumivu ya miguu, kisha kifua. Wamempeleka hospitali. Nimeacha chaki mezani nikatoka. Naandika kwenye basi. Bakari hajapata ruhusa, atakuja kesho. Basi linasimama kila kituo, watu wanapanda na magunia. Siwezi kulisukuma.

Jumatano, 22 Julai

Yumo kwenye oksijeni. Macho yamekuwa ya njano. Nikimgusa anapiga ukelele, nisipomgusa ananiita. Nikae wapi?

Damu imeshuka, lazima aongezwe. Nikanyoosha mkono. Nesi kauliza maswali mawili matatu, kakataa. Damu yangu haifai kwake, na ya Bakari hali kadhalika, kwa kuwa sote wawili tumebeba seli hiyo. Sisi ndio tuliomrithisha. Tumekaa kwenye benchi, wazima wa afya, mikono mapajani.

Mama Neema ndiye kalala akatolewa damu. Kainuka, kajifunga kanga yake, kaenda kuwapikia wanafunzi uji. Nimemshukuru kwa maneno yale yale ninayomshukuria mtu aliyenipisha njia. Sina mengine.

Ijumaa, 24 Julai

Kifua bado. Daktari anasema tusubiri.

Simu kutoka Tanga, namba nisiyoijua. Redio. Kipindi cha habari za shule, wanafuatilia waliofanya vizuri, wako wapi sasa. Sauti ya kijana mchangamfu, vicheko nyuma yake. "Mama, wasikilizaji wetu wanataka kujua, Zuhura anaendeleaje huko?"

Alikuwa mbele yangu, barakoa usoni, anavuta pumzi na bega linapanda.

"Anaendelea vizuri," nikasema. "Anawasalimu."

Kijana kafurahi. Kasema Tanga nzima inajivunia. Nikakata.

Kwa nini nimesema hivyo? Sijui. Labda nilitaka pawe na mahali, hata redioni tu, ambapo ni kweli.

Bakari kasikia. Kanishika mkono.

Jumapili, 26 Julai

Homa imeshuka. Barakoa imetolewa. Kala ndizi nusu. Alhamdulillahi.

Nimemwambia twende nyumbani. Sikumwamrisha, nimemwomba.

Kageuza uso. Sauti ndogo, ya kukwaruza. "Niliogopa, Mama. Nilidhani nakufa."

"Basi twende."

"Nikirudi nitaogopa huko huko. Huku naogopa na ninasoma."

Bakari katoka nje. Mimi nikabaki nakunja upande wa shuka, nakunjua, nakunja. Ana miaka kumi na saba. Ningeweza kusema hapana. Mimi ndiye mama. Nikatafuta hiyo hapana, isije.

Jumatano, 29 Julai

Karuhusiwa. Mkuu wa shule kakubali asiingie mchakamchaka wala zamu za maji, alale chumba kilicho karibu na cha matroni. Daktari kasema inaweza kurudi, inaweza isirudi. Tumemfikisha bwenini. Wenzake wamemtolea kiti nje juani, wakamzunguka na madaftari, wakaanza kumsomea aliyoyakosa. Katuangalia mara moja, kainua mkono, kainama kuandika.



Jumapili, 2 Agosti

Mvua kidogo asubuhi, kisha jua. Nimefua. Mama Neema kaandika ujumbe: kala, kanywa dawa, yuko maktaba.

Mchana nimepika wali. Wa watu wawili. Leo sikukosea kipimo.